Pikapu ya Shehena na Trela: Namna ya Kuichagua na Kuiandaa

Mtu anayekusudia kununua pikapu ya kazi aghalabu huanza kuuliza habari za injini, na muuzaji, kwa kuwa anaijua tabia hiyo ya wanunuzi, humfungulia boneti kabla ya kumwonyesha kitu kingine chochote. Nakuomba wewe msomaji uanze kwa shehena yenyewe, uzito wake na njia itakayopita, kwa maana takriban kila injini ya dizeli ya zama hizi inaweza kuling'oa trela la tani mbili mahali liliposimama, ilhali si kila gari lililoling'oa linaweza kulizuia lisikimbie katika mteremko wa Kitonga au wa Salgaa. Na wengi waliopata hasara ya mali na roho katika safari za namna hii hawakuipata kwa kukosa nguvu ya kupanda, bali kwa kukosa uwezo wa kushuka na kusimama. Hilo ndilo nitakaloshikilia katika mwongozo huu, na mambo ya rangi, viti, redio na hata jina la mtengenezaji nitayaweka nyuma yake.

Basi chukua karatasi, uandike kila kitu unachotarajia kukibeba katika mwaka mzima, si katika siku moja ya bahati njema. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja kamili. Tangi la maji la lita 1,000 likijazwa ni tani nyingine, bila kuhesabu tangi lenyewe. Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu hukaribia tani moja na nusu, na ukinyeshewa huzidi hapo. Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90 nchini Kenya na kilo 100 Tanzania, lakini likishakuwa lumbesa hakuna ajuaye kweli yake mpaka lipandishwe mizani. Mfanyabiashara wa Mafinga au Njombe apakiaye mbao za paini zilizotoka kupasuliwa juzi naye asidanganywe na idadi ya vipande, maana mti mbichi huwa umejaa maji, hata uzito wake hukaribia kuwa maradufu ya ule wa mti uliokauka. Ukishaandika haya yote utakuwa na hesabu ambayo muuzaji hawezi kuigeuza kwa maneno.

Hesabu hiyo sharti uilinganishe na bamba dogo la chuma au karatasi iliyogandishwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, ambako mtengenezaji ameandika uzito wa juu kabisa ambao gari lake laweza kuubeba likiwa na kila kitu ndani yake, na ambako, au katika kitabu cha gari, huandikwa pia uzito unaoruhusiwa juu ya kila ekseli na uzito wa juu wa gari pamoja na trela lake. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba gari lililotangazwa kuwa la tani moja hubeba tani moja ya bidhaa. Tuchukue mfano wa pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 2,100 na ruhusa ya kilo 3,200: zimebaki kilo 1,100, nazo zaonekana nyingi. Lakini tangi la dizeli la lita 130, kama lile la Land Cruiser ya kabini moja, likijaa ni takriban kilo 109. Watu watatu mbele ni kilo 210. Bampa la chuma pamoja na winchi ni kilo 100. Fremu ya mabomba na turubai juu ya bodi ni kilo 120. Tairi la akiba la pili ni kilo 40. Na trela la tani moja na nusu linaegemeza kilo 150 juu ya kiungio. Jumla ya hayo ni kilo 729, na kilichobaki kwa bidhaa ni kilo 371, yaani mifuko saba ya saruji. Mwenye gari hilo akipakia mifuko ishirini, kama afanyavyo kila siku yule jirani yake anayesifiwa, atakuwa amezidisha zaidi ya nusu tani hata kabla hajatoka ghalani.

Kisha tazama uzito huo unakaa wapi. Ekseli ya nyuma ni kama bega la mchukuzi wa mzega: kilichoning'inia nyuma ya bega hushinikiza bega kwa uzito wake wenyewe, na tena kwa ule kinaouinua upande wa mbele. Kama kiungio cha trela kiko mita 1.3 nyuma ya ekseli, na ekseli mbili za gari zimeachana mita 3.2, basi zile kilo 150 za trela huwa kilo 211 juu ya ekseli ya nyuma, na ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 61. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari. Usukani ukianza kuwa mwepesi mkononi mwako baada ya kufunga trela, hiyo si raha ya safari bali ni onyo. Kwa sababu iyo hiyo mizigo mizito ndani ya bodi haina budi kulazwa mbele, karibu na kabini, na vitu vyepesi ndivyo vikae mlangoni.

Dawa ya shaka yote ni mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya udhibiti wa uzito wa magari huyahusu magari ya tani 3.5 na zaidi, na mwenye pikapu hujiona yuko nje yake, mpaka siku gari na trela zinapohesabiwa pamoja. Usingoje kulazimishwa. Nenda mwenyewe, kwenye mizani ya barabarani ukiruhusiwa au ile ya ghala la nafaka au kiwanda cha kokoto, upime gari tupu, kisha gari lenye shehena yako ya kawaida, kisha kila ekseli peke yake. Asubuhi moja ya kazi hiyo hufundisha kuliko mwaka mzima wa kukisia kwa kuangalia jinsi springi zilivyolala.

Sasa twaweza kuzungumza juu ya magari yenyewe. Huko Marekani wana pikapu za tabaka la juu, kama Ford F-350 na Ram 3500, ambazo baadhi yake zina matairi manne katika ekseli ya nyuma, nazo zimeundwa kuvuta matrela ambayo kwetu yangefungwa nyuma ya lori. Lakini usukani wake uko kushoto, vipuri vyake ni adimu kwetu, na kwa msomaji wa Mombasa au Mbeya si shauri la kweli. Gari linaloshika daraja hiyo katika nchi zetu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na pikapu yake inayojulikana kwa namba 79, iliyotoka mwaka 1999, ikiwa na koili mbele na springi za bapa nyuma, ekseli nzima za chuma pande zote mbili, na chesisi ambayo mafundi wa kila wilaya wanaifahamu. Ile inayounganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na nyingi zilizoletwa kwa kazi za serikali na mashirika ya misaada, hutumia injini ya 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi zipatazo 130.

Injini hiyo ya 1HZ si ya kasi, na anayetaka kupita mabasi asiinunue. Fadhila yake ni uvumilivu: pampu yake ya mafuta ni ya mtindo wa zamani, haishindwi upesi na dizeli chafu ya vituo vya mbali, na fundi wa kawaida aweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Yataka mambo mawili tu ya lazima, nayo ni mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000 bila kuahirishwa, na isifungwe turbo ya kienyeji kwa tamaa ya kuiongezea nguvu, kwa sababu mwako wake huanzia katika chumba kidogo kando ya silinda, na joto lizidishwalo na turbo hupasua kichwa cha injini wakati ule hasa trela linapokuwa nyuma na mlima uko mbele. Ukikutana na 1HZ iliyofungwa turbo, hata ikiwa bei yake ni nafuu, iache.

Injini mpya ya lita 2.8 yenye turbo, ambayo imo katika Hilux za tangu mwaka 2015 na katika Land Cruiser 79 za karibuni, ina mvuto mkubwa kuliko 1HZ kwa mbali, na hutumia mafuta kidogo kuliko hiyo. D-Max ya lita 3.0, ambayo Kenya huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, nayo ni gari la kazi lisilo na majivuno. Lakini injini za namna hii hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu membamba mno, na dizeli iliyoghoshiwa kwa mafuta ya taa, au iliyoingiwa na maji, huziua sindano zake, ambazo bei yake yaweza kumfilisi mwenye gari mmoja. Ukizichagua, funga kichujio cha ziada cha kutenganisha maji, ukimwage kila wiki, na uwe na kituo kimoja au viwili vya mafuta unavyoviamini. Kwa maoni yangu, mtu anayefanya kazi zake baina ya miji yenye lami atanufaika zaidi na Hilux au D-Max, na yule ambaye shehena yake hupita Kigoma vijijini, Turkana au Kivu, ambako kuharibikiwa ni kulala porini, na alipe ile ziada ya bei ya Land Cruiser bila kunung'unika.

Kwa wanunuao magari yaliyotumika kutoka Japan, yafaa wajue kwamba Land Cruiser 79 haikuuzwa huko kwa kawaida. Iliuzwa kwa muda mfupi tu kuanzia mwaka 2014, kwa kuadhimisha miaka 30 ya mfululizo wa 70, nayo ilikuwa ya kabini mbili na injini ya petroli ya lita 4.0. Ni gari zuri, lakini kwa trela la kila siku litakunywa petroli isiyo na kifani. Na Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo njia hiyo huko imefungwa.

Magari ya minada ya mashirika ni mlango mwingine, nayo mara nyingi yana daftari la matengenezo lililotunzwa vyema. Hata hivyo lala chini ya gari na tochi. Tazama chesisi nyuma ya kabini na pale vishikizo vya springi vilipochomelewa: ufa huanza hapo ukiwa mwembamba kama unywele, na aghalabu hufichwa kwa rangi nyeusi mpya, na rangi mpya juu ya chesisi ya zamani ni sababu ya kutosha ya kukwaruza kwa bisibisi. Tazama nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye ile duara kubwa ya chuma inayogeuka na usukani, kama grisi iliyochanganyika na oili inavuja. Kata usukani mpaka mwisho, uende polepole, usikilize mlio wa kata-kata-kata, ambao ni dalili ya viungo vya shafti kuchakaa.

Nalo shauri hili natamani lingesikilizwa kuliko yote ya ununuzi: ikiwa karatasi yako ya mwanzo imeonyesha kwamba kila siku utabeba tani moja na nusu au mbili, usinunue pikapu yoyote. Nunua Canter au lori dogo la namna yake. Pikapu iliyoongezwa springi ili ifanye kazi ya Canter hubaki na breki za pikapu, habu za pikapu na chesisi ya pikapu, na kilichoongezwa ni ujasiri wa dereva peke yake.

Kabla ya kutoka katika mlango wa injini, kumbuka pia kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza yapata sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo zile farasi 130 za 1HZ, zikifika Njombe, ambako ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huwa kama 105. Dereva aliyezoea Tanga au Malindi asiilaumu injini akiwa huko. Apunguze shehena, ashike gia ya chini mapema, na asafishe rejeta kabla ya safari, hasa yale mabua na wadudu waliojaza matundu yake kwa nje.

Sasa nafika katika breki. Naomba ufanye nami hesabu moja ambayo kila mvuta trela yampasa kuijua. Gari na trela vyenye uzito wa tani 5 kwa pamoja, vikiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, haviwezi kusimama mpaka breki ziugeuze mwendo wote ule kuwa joto. Msafara uo huo ukishuka mteremko ambao mwisho wake uko chini ya mwanzo wake kwa mita 500, na dereva akaushuka kwa kukanyaga breki peke yake, basi, ukiacha msaada mdogo wa upepo na wa msuguano wa tairi, joto litakalotoka ni sawa na kuusimamisha msafara kutoka kilomita 80 kwa saa mara 20 mfululizo, bila nafasi ya kupoa baina ya mara moja na nyingine. Hakuna breki za pikapu zilizoundwa kwa ajili hiyo. Kwanza pedi hupoteza mkwaruzo na harufu ya kuungua huingia ndani. Kisha mafuta ya breki huchemka, mvuke hujaa ndani ya mabomba, na mguu wa dereva huzama mpaka sakafuni bila kitu kutokea.

Kwa hiyo gia uliyopandia mlima ndiyo uishukie, au iliyo chini yake, na uichague juu kabisa kabla mteremko haujaanza, kwa maana ukishapata kasi hutaweza kuirudisha. Na yule anayeweka gia huru ili aokoe mafuta, ambaye kila mmoja wetu amemwona, anaokoa kikombe cha dizeli kwa rehani ya uhai wa watu walio mbele yake. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, maana hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwetu pwani zaidi: yale ya daraja la DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, yakishanyonya maji yaweza kuchemka kwa 140, na ya DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Ni chupa ya bei ndogo na kazi ya saa moja, na sijui matengenezo mengine yenye thamani kubwa kwa gharama ndogo kama hayo.

Trela nalo liwe na breki zake. Ulaya na Australia zimeweka mpaka wa kilo 750, ambao juu yake trela lisilo na breki haliruhusiwi, na hata pale ambapo askari wetu hawauulizi, mpaka huo ni wa akili na wewe ujiwekee. Kuna aina mbili za kufaa. Ya kwanza hujibana yenyewe pale trela linaposukuma gari, nayo ni rahisi na haihitaji waya, lakini katika mteremko mrefu hukaa imebana muda wote na hupata moto. Ya pili huendeshwa kwa umeme kutoka kidude kidogo kilichofungwa karibu na usukani, ambacho dereva aweza pia kukibonyeza kwa mkono ili trela peke yake lishike breki. Ni ghali zaidi na yataka fundi umeme mwaminifu, lakini kwa trela la tani moja na nusu kwenda juu mimi nisingechagua nyingine.

Matairi yanunuliwe kwa namba na si kwa sura. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Zidisha kwa mbili, ulinganishe na uzito uliopima wa ekseli ya nyuma, na uache ziada ya kutosha. Tazama pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililokaa dukani juani miaka sita si jipya, hata kama vinyweleo vyake vya mpira havijang'oka. Pikapu nyingi za Land Cruiser huja na ringi za chuma zenye pete ya kufungua, ambazo hupendwa kwa kuwa tairi lake hutolewa kijijini kwa nyundo na vyuma viwili. Lakini pete hiyo ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huruka kwa nguvu ya kuua, kwa hiyo asiwepo mtu aliyeinama juu yake, na ifungwe kwa mnyororo kwanza. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo na si kwa teke.

Springi za nyuma zaweza kuongezwa jani moja au mawili, na shokapu imara zikafuata, ili gari lisikalie mkia na taa zake zisimulike miti. Ni jambo jema kwa sharti kwamba ukumbuke bamba la mlangoni halikubadilika: springi mpya huinua bodi tu, na haziinui ruhusa.

Katika kiungio, jihadhari na vichwa vya mviringo vinavyofanana. Kimoja kina upana wa milimita 50, na kingine, cha kipimo cha Marekani, ni 50.8; kikombe kilichoundwa kwa kile kikubwa kikiwekwa juu ya kidogo hucheza, na katika barabara ya makorongo kuchezacheza huko ndiko kunakoishia kwa kuchomoka. Ukishafunga, weka jeki chini ya mkono wa trela uuinue kidogo: mkia wa gari ukipanda pamoja nao, kikombe kimeshika; usipopanda, fungua uanze upya. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela ili, ukichomoka, uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Kiungio kifungwe kwenye chesisi kwa boliti za daraja la juu; kile kilichochomelewa kwenye bampa na fundi wa geti, hata kikipakwa rangi vizuri namna gani, kikatae.

Trela lenyewe lipakiwe hivi kwamba mkono wake uegemeze juu ya gari takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake wote. Kupima ni rahisi: liweke mahali tambarare, mkono wake ukiwa juu ya mizani ya duka la mazao kwa urefu ule ule wa kiungio, usome. Ukiwa mwepesi mno, maana yake mzigo umeenda nyuma, na trela la namna hiyo likifika kasi fulani huanza kuyumba mkia kushoto na kulia, na kila mara huzidi. Likikutokea hilo usikanyage breki ya gari kwa hofu wala usishindane nalo kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na kama una breki za umeme bonyeza ile ya trela kwa mkono mpaka litulie, kisha usimame upakie upya. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa, au chini yake, ndio unaofaa; raha ya kufika mapema hailingani na hofu ya kuona trela lako likikupita ubavuni.

Wenzetu wa pwani wavutao mashua wana jambo lao la ziada. Beringi za trela zikitoka safari ndefu huwa zimepata moto, na zikitumbukizwa baharini papo hapo hewa iliyo ndani husinyaa ghafla na kuvuta maji ya chumvi kupita sili, ambayo baada ya miezi michache huila beringi kimya kimya. Weka mgongo wa mkono juu ya habu. Ikiwa huwezi kuuacha hapo, subiri ipoe ndipo ushushe mashua. Ukirudi, osha trela lote kwa maji ya kisima au ya bomba, breki kwanza, na kila msimu fungua habu, uifute grisi ya zamani, utie mpya ile isiyoyeyuka majini.

Ukiagiza trela kwa fundi, mwambie aweke habu zenye matundu sawa na ya gari lako, yaani nati tano kwa Land Cruiser 79 na sita kwa Hilux za kufaa mizigo, ili tairi moja la akiba litumike pande zote mbili. Mwambie pia alete waya wa earth kamili kutoka kwenye taa hadi kwenye plagi, asitegemee chuma cha kiungio kupitisha umeme, kwa maana taa za trela zinazowaka na kuzimika kwa mtikisiko wa barabara chanzo chake aghalabu ni hicho. Trela lisajiliwe kwa namba yake, na kampuni ya bima iandikiwe kwamba gari hilo huvuta, kwani ni huzuni kugundua baada ya ajali kwamba hati ilihusu gari peke yake. Kisha, katika safari ya kwanza, simama baada ya kilomita 50, uzikaze upya nati zote za magurudumu ya trela, uguse kila habu, utazame mnyororo na plagi. Na kabla ya safari ya kweli tafuta mteremko mmoja mfupi, uushuke na shehena yako kamili kwa gia ya chini, ujue kwa mguu wako mwenyewe gari lako linasimama baada ya hatua ngapi.